Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mabanda na Mitambo ya Ng'ombe wa Maziwa

Ndugu wanachama, wafugaji na mafundi,

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Ninaitoa kwa moyo mkunjufu, ingawa kwa idadi ya waliothibitisha kuja huenda nikavisomea viti. Kwa hiyo nimeiandika yote, ili asiyefika asije kusema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida

Siku za matengenezo ya pamoja zilifanyika kama ratiba ilivyopangwa, ila ile iliyoharibiwa na mvua. Darasa la umeme lilifanyika, darasa la kuchomelea nalo lilifanyika. Wote waliohudhuria sasa wanajua kwamba ukichomelea bomba lililopakwa zinki bila kulikwangua na bila hewa ya kutosha, moshi wake utakulaza na homa usiku. Tulipima mashine za kukamua 26, na 15 kati yake zilikutwa na kasoro zilezile za kila mwaka: kidhibiti cha ombwe (nguvu ya kufyonza maziwa) kimejaa vumbi, pulsata (kifaa kinachofanya vikombe vikamue na kupumzika kwa zamu) inapiga polepole, mipira ya vikombe (ile inayovaa chuchu) imechoka. Ombwe kati ya kilopaskali 40 na 50 kufuatana na mtambo, pulsata mapigo 60 hivi kwa dakika, maziwa yapoe hadi nyuzi 4. Haya mnayajua, nisiwachoshe.

Kuhusu mipira tu nitarudia, kwa sababu wapo wanaosubiri ipasuke ndipo wanunue mingine. Mpira wa kawaida humaliza kazi yake baada ya ukamuaji wapata 2,500. Mwenye ng'ombe 40 na seti 8 za vikombe, akikamua mara mbili kwa siku, kila seti inafanya kazi mara 10 kwa siku. Zikipita siku 250, mipira ibadilishwe hata kama kwa macho inaonekana mizima. Mpira uliolegea haukandi chuchu inavyotakiwa, na anayelipia ni kiwele.

Jambo jingine ambalo si la mzaha ni shimo la samadi. Mwaka huu mwanachama mmoja alitaka kuingia shimoni kuzibua bomba baada ya tope kukorogwa. Nilimshika mkono mimi mwenyewe. Gesi inayotoka pale inanuka kama yai bovu ikiwa kidogo. Ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kisha inaua mtu. Hakuna kuingia, na hakuna kumfuata aliyeanguka bila vifaa vya kupumulia. Hili halina mjadala.

Kuhusu banda la mfano

Sasa nije kwenye jambo lililosemwa sana pembeni na kidogo sana mbele yangu: uamuzi wa kamati wa kuvunja vyumba vya kulalia (nafasi za ng'ombe mmoja mmoja zilizogawanywa kwa mabomba) katika banda letu la mfano, kuvijenga upya kwa vipimo vingine, na kuweka mchanga mahali pa mikeka ya mpira.

Nakiri kwamba banda lile lilijengwa kwa mikono ya wanachama, tena kwa kujitolea, na baadhi yao wameona kama kwamba jina lao limebomolewa pamoja na mabomba. Heshima yao ipo palepale. Lakini banda linajengwa kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe wa leo si wale waliopimwa wakati ramani ile inachorwa. Chumba cha upana wa sentimita 105 kilimtosha mnyama mdogo. Ng'ombe mkubwa wa maziwa mwenye kilo 600 na zaidi anahitaji karibu sentimita 120 ili alale bila kugonga vigawanyo. Na tazameni anavyoinuka: hunyanyua kwanza sehemu ya nyuma, akirusha kichwa mbele apate nguvu. Akikosa nafasi ya kurusha kichwa, anaona afadhali asilale kabisa. Ng'ombe anahitaji kulala saa 12 hadi 14 kwa siku. Asipolala, anasimama kwenye tope, kwato zinalainika, anaanza kuchechemea, hafiki horini mara nyingi kama inavyotakiwa, na maziwa yanapungua huku sisi tukilaumu chakula.

Kabla ya kuvunja chochote nilikwenda bandani saa moja kabla ya kukamua, pamoja na katibu, tukahesabu. Ng'ombe waliokuwa vyumbani walikuwa 32, na waliolala ni 19 tu. Waliobaki walisimama, wengi wao miguu ya mbele ndani na ya nyuma njiani kwenye samadi. Katika banda zuri, kati ya kila 100 waliomo vyumbani, 85 au zaidi wanapaswa kuwa wamelala. Kwa hiyo wanaosema uamuzi ulitoka kichwani mwangu, karatasi ya hesabu ile ipo, na mwandiko ni wa katibu, si wangu.

Hesabu ya nafasi nayo imezungushwa sana. Kila safu ina urefu wa mita 25.2. Kwa upana wa zamani zilitoka nafasi 24, kwa upana mpya zinatoka 21. Safu mbili: 48 zimekuwa 42. Ndiyo, tumepoteza sita. Lakini nauliza, nafasi 48 ambazo hazilaliwi ni nafasi za nani? Banda lilikuwa na ng'ombe 46. Wanne tumewahamishia zizi la wasiokamuliwa, ambako kwa kweli walitakiwa kuwa tangu mwanzo. Urefu wa kila chumba tuliuongeza sentimita 30 kwa kusogeza ukingo nyuma, kikafika mita 2.4, safu mbili zikitazamana vichwa. Njia ya nyuma ilipungua ikabaki mita 3. Bomba la shingo, lile linalopita juu ya shingo ya ng'ombe chumbani, lilipandishwa. Kazi ya kukunja mabomba ilifanyika kwa kifaa nilichokitengeneza mwenyewe karakanani kwangu, na sikudai chama hata fimbo moja ya kuchomelea. Silitaji hili ili nisifiwe. Nalitaja kwa sababu kuna aliyesema kwamba mwenyekiti amejipa kazi.

Baada ya wiki chache tulihesabu tena, saa ileile: vyumbani 38, waliolala 35.

Hoja ya pili ni mchanga. Mchanga haulishi vimelea kama maranda yanavyofanya, unapitisha maji, unakaa kwa umbo la mnyama, na vifundo vya miguu ya nyuma vilivyokuwa vimechubuka na kuvimba juu ya mikeka vinapona. Aliyepita bandani miezi hii ameona manyoya yakirudi kwenye vifundo. Mkeka ni bora kuliko zege tupu, silikatai hilo, lakini mkeka wenye maranda kiganja kimoja juu yake si kitanda. Hata hivyo mchanga una gharama yake, na sikuificha kwenye kamati: kila chumba hupoteza kilo kati ya 15 na 25 kwa siku, na zote huishia kwenye samadi.

Hapo ndipo lilipoingia suala la pampu. Pampu ya shimo ilisimama, na kabla haijapoa ilishasemwa kwamba mchanga wa mwenyekiti umeiua. Fundi aliyeifungua alikuta mapanga yamelika na beringi imekwisha. Mchanga hula mapanga, sawa. Hauli beringi iliyokosa grisi tangu kamati iliyonitangulia. Isitoshe, mfereji wa kutuamishia mchanga ulikuwa kwenye mpango wetu tangu siku ya kwanza, na ungekamilika mapema kama siku ya kumwaga zege wangefika zaidi ya watu watano. Sasa umekamilika. Samadi inapita taratibu, mchanga unabaki chini, unachotwa, unaoshwa kwa mvua na jua, na sehemu yake inarudi vyumbani. Pampu imetengenezwa, na zamu ya kuipaka grisi imebandikwa mlangoni.

Hoja ya tatu inanigusa mimi binafsi, kwa hiyo nitaijibu kwa utulivu. Mikeka iliyotolewa ni 48. Mikeka 30 imekatwa na kutandikwa kwenye njia ya kutokea chumba cha kukamulia na kwenye kona ambapo ng'ombe walikuwa wakiteleza, jambo ambalo wanachama walilidai kwa miaka. Mikeka 9 ipo stoo. Mikeka 9 ipo kwangu. Ipo kwangu kwa sababu stoo ilikuwa inavuja na paa lilikuwa halijazibwa, na iliandikwa kwenye kitabu siku ileile ilipotoka. Aliyeiona imetandikwa chini ya ng'ombe wangu aliona mikeka yangu niliyoinunua mwenyewe, ambayo hata rangi yake ni tofauti.

Mwisho, inasemwa kwamba uamuzi haukupelekwa kwa wanachama. Ulipelekwa. Mkutano uliitishwa kwa barua na kwa ujumbe wa simu. Akidi ni nusu ya wanachama wote na mmoja zaidi, yaani 57 kati ya 112. Walifika 34. Tukauahirisha kwa wiki mbili. Walifika 19, na kati yao watatu walikuja kuazima mashine ya kuchora mifereji ya sakafu (mistari ya kwenye zege ili ng'ombe wasiteleze). Ibara ya matengenezo ya dharura inaipa kamati mamlaka ya kuendelea, na kamati iliendelea. Mtu hawezi kukaa nyumbani siku ya kupiga kura kisha akaja siku ya kulalamika.

Mahudhurio na ada

Tukiwa hapohapo kwenye mahudhurio: siku ya kukarabati paa tulihitaji watu wa kufungua tundu la kilele, yaani uwazi wa juu kabisa ya paa wa kutolea hewa. Kanuni ni sentimita 5 za uwazi kwa kila mita 3 za upana wa banda, na letu lilikuwa limezibwa kabisa na mtu aliyeogopa mvua, matokeo yake hewa ya amonia ikawa inatafuna mabati kwa ndani na kuwakohoza ndama. Waliojitokeza ni wazee wawili, mimi, na kijana mmoja ambaye hata si mwanachama. Wazee wa umri ule hawapaswi kuwa juu ya ngazi. Vijana mko wapi? Mkiitwa kuona roboti ya kukamua mnajaza gari. Mkiitwa kushika nyundo, kila mtu ana msiba.

Ada. Wanachama 112. Waliolipa yote 41, waliolipa nusu 23, wasiolipa chochote 48. Sitamtaja mtu, kwa kuwa hii ni taarifa, si mahakama. Lakini kumbukumbu za stoo zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya walioazima kipimo cha ombwe mwaka huu wamo kwenye hao 48. Kipimo kile kinahitaji kusahihishwa kila mwaka, la sivyo kitakudanganya, nawe utaitengeneza mashine nzima ikawa mbovu. Usahihishaji unalipiwa na ada. Mwaka huu sehemu kubwa imelipiwa na 41. Kamati imeamua kwamba kuanzia mwezi ujao vifaa vitatoka stoo kwa mwenye stakabadhi pekee. Nimeshaambiwa kwamba huo ni ukali. Miaka miwili ya upole ilituletea hao 48.

Mwaka ujao

Tunatarajia, Mungu akijalia na ada zikilipwa, kuangalia uwezekano wa kupata mtambo wa kutenganisha mchanga, au angalau kuboresha mfereji uliopo. Tunatumaini pia kuanza kuunganisha vyuma vyote vya chumba cha kukamulia na waya wa ardhi, kwa sababu umeme mdogo unaopotea, hata wa volti chache ambazo wewe huwezi kuzihisi, ng'ombe anaweza kuuhisi, akagoma kuingia au kupiga teke vikombe. Kuhusu roboti, wanaouliza kila mara wajue kwamba ziliingia mashambani huko Uholanzi mwaka 1992, si jambo jipya, na moja huhudumia ng'ombe 60 hivi. Kamati itaendelea kulitazama. Kwa sasa tuna banda la ng'ombe 42 na pampu moja.

Nawashukuru katibu, fundi wa umeme, na wanakamati wawili ambao hawakukosa kikao hata kimoja. Wengine watatu nawashukuru kwa kukubali kuchaguliwa.

Taarifa ya fedha itasomwa na mhazini. Funguo za stoo zipo kwa katibu. Aliyekaa na mashine ya kuchora mifereji tangu msimu uliopita airudishe ikiwa na meno yake yote. Mwenye swali kuhusu mikeka aanze na kitabu cha stoo, kipo mezani, ukurasa umewekewa alama.

Mwenyekiti