Kijana akiacha Uislamu mjini, nyumbani tusimlazimishe kujificha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huku kwetu Lindi husemwa kwa kunong'ona, nalo ni la vijana wanaokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha na baada ya miaka kadhaa wakawa si Waislamu tena. Mimi ni Muislamu, nimesomea madrasa hapa hapa mjini, na wala siandiki kumsifu aliyetoka. Ninachotaka tukitazame ni yale yanayotokea anaporudi nyumbani.

Dar es Salaam, ambayo sensa ya 2022 iliikuta na wakazi zaidi ya milioni 5, si mji usio na dini. Misikiti inajaa na makanisa yanajaa. Ila ni mji ambao jirani hamuulizi jirani kwa nini hakuonekana Ijumaa. Kijana aliyepanga chumba Mbagala au Manzese anaweza kuimaliza Ramadhani akila mchana nyuma ya pazia la mama lishe, na mama lishe mwenyewe amefunga, na habari hizo zisimfikie babu yake. Wengine wameokoka kwa sababu ya mchumba, au ya kanisa lililowauguza walipokuwa hawana mtu. Wengine hawakuhamia popote, wameacha tu kuamini. Idadi yao haijulikani, kwa kuwa sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya 1967, na pengine ni heri.

Zamani aliyekwenda mjini alikwenda na mambo yake, maana mvua zikikolea barabara ya kusini ilikuwa haipitiki. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji mwaka 2003 na lami kuungana, Dar imekuwa safari ya siku moja, na kijana yuko nyumbani kila Idi, kila msiba na kila msimu wa korosho. Akishuka kwenye basi anavaa kofia na kuwa mtu mwingine hadi siku ya kuondoka.

Nilimwona mmoja katika msiba wa babu yake. Kwa kuwa ndiye mjukuu mkubwa na utotoni alisifika kwa kuhifadhi juzuu za Kurani, aliambiwa ashuke kaburini kuupokea mwili. Alisita, ami yake akamtazama, akavua viatu akashuka. Kila alichofanya alikifanya sawasawa, hata kulegeza vifundo vya sanda hakuhitaji kuelekezwa. Haukupita mwezi habari zikafika kutoka Mbagala kwamba siku nyingi huyo alikuwa ameritadi, yaani ameuacha Uislamu, na ukazuka ugomvi wa nani alijua na nani alimficha, mpaka wapo waliouliza kama mzee alizikwa inavyopasa. Imamu aliwatuliza kwamba maziko yalisihi. Lakini shangazi mtu hadi leo hapokei simu ya yule kijana, nami naona kwamba sisi tuliomzunguka pale kaburini tulimweka mahali ambapo hakuweza kusema kweli bila kuuvuruga msiba.

Hilo la kaburini ni dogo kuliko la ndoa. Kijana aliyekwishatoka anarudi kwao, wazazi wamekwishamtafutia mchumba, naye kwa kuogopa maswali anakubali. Anaozeshwa binti wa watu kwa walii, yaani msimamizi wa binti, na mashahidi, hali anajua moyoni kwamba kwa imani ya binti huyo ndoa haisihi, kwa sababu mwanamke wa Kiislamu haolewi na asiye Muislamu. Binti anakuja kuyajua hayo akiwa Dar, peke yake, pengine ana mimba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakutaja kubadili dini miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama dalili ya ndoa kuvunjika, pale ambapo dini ya wanandoa inaona hivyo, lakini hapo inamzungumzia aliyebadili baada ya kuoa. Huyu wa kwetu alibadili kabla, akanyamaza. Simtetei, amemdhulumu binti yule. Nasema tu kwamba uongo wake ulikuwa na washiriki, na miongoni mwao ni baba aliyekuwa na fununu akaona bora amwoze haraka ili mambo yapoe.

Najua wapo watakaonijibu kwa hukumu ya kifo kwa murtadi, iliyomo katika vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu. Imo kweli, vitabu vya madhehebu ya Kishafii tunavyovisoma vikiwemo. Ila wenye vitabu hivyo waliikabidhi kwa kadhi na mtawala, hawakuwaachia wajomba na vijana wa kijiweni, na nchi tunayoishi haina hukumu hiyo: Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inataja waziwazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Isitoshe, tunapokwenda kwenye mihadhara na mtu akasilimu, tunapiga takbira na kumpa kipaza sauti aeleze alikotoka, wala hatuulizi mama yake huko kwao amelala vipi usiku huo.

Sura ya Luqman, aya ya 15, inamwambia mtoto kwamba wazazi wakimshurutisha kumshirikisha Mwenyezi Mungu asiwatii, lakini akae nao duniani kwa wema. Mimi si mfasiri. Ila kama mtoto ameamriwa wema kwa mzazi wa namna hiyo, sioni mzazi anapata wapi ruhusa ya kumfutia mwanawe namba ya simu. Nabii Nuhu alimwita mwanawe "ewe mwanangu" mawimbi yakiwa yamekwisha inuka, na mwana yule alikuwa amekwisha kataa. Na sisi watu wa kusini hatuna haja ya kufundishwa kuishi hivi. Nendeni Masasi au Ndanda mkaone ukoo mmoja wenye Wakristo na Waislamu wakichangia harusi na jando bila mtu kushangaa.

Yapo mambo ambayo mapenzi hayayaondoi, na ni vizuri yajulikane mapema. Aliyetoka katika Uislamu hana fungu katika mirathi ya Kiislamu ya baba yake, hata awe ndiye aliyepalilia mikorosho tangu utoto. Baba anayetaka apate kitu ampe kwa hiba, yaani zawadi, akiwa hai, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, asiwaachie nduguze kesi ya mahakama ya mwanzo. Vivyo hivyo kijana asiyetaka kuzikwa Kiislamu aseme mapema na aandike, maana akifa ghafla mjini wenzake watakuwa wanachonga jeneza huku sisi tunanunua sanda.

Kwa masheikh na maimamu wetu wa Lindi na Mtwara nina ombi moja. Katika darsa za baada ya alasiri watenge siku chache wazifundishe familia zenye mtoto aliyetoka hukumu za ndoa, hiba na maziko, bila kutaja jina la mtu wala la mtaa, na wawaeleze wazazi kwamba kumuuliza kijana faraghani kabla ya kwenda kumposea ni haki ya binti wa watu.

Msomaji wako,
Lindi Mjini