Bei ya kichwani

Mombasa, Jumapili jioni

Ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na nimecheka pale uliposema utauza hisa "zikirudi tu pale niliponunulia." Maneno hayo hayo niliwahi kumwambia dalali, uso mkavu kabisa.

Unaikumbuka 2008, hisa za kampuni ya simu ya Safaricom zilipouzwa kwa umma, shilingi 5 kila moja? Mizania, ile hesabu ya mali na madeni ya kampuni, sikujua hata kuisoma. Nilichoona ni foleni: kinyozi wangu yumo, mwalimu wa madrasa yumo, nikaona aibu kubaki nje. Kima cha chini kilikuwa hisa 2,000. Mimi nikakopa nikaomba 10,000. Tulioomba tulizidi laki nane, basi nikapewa chache tu, na hapo ndipo Mungu aliponisitiri. Juni zikaingia sokoni, bei ikapita 7, nikawa natembea kama mwenye ghorofa. Sikuuza. Mwaka uliofuata bei ikawa chini ya 3.

Zilipofika 4 nilisema zitarudi. Zilipozidi kushuka, nikawa nikinunua gazeti naufunika ukurasa wa bei kwa kikombe cha chai. Kisha asubuhi moja, wala hakuna habari yoyote mpya, nikaamka nimechoka, nikaziuza zote. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto. Mwaka 2021 hisa moja ikapita shilingi 40!

Sikuambii haya ili ung'ang'anie. Zako ni za kampuni nyingine, na kampuni huzama. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza humzidia mtu utamu wa kupata kiasi kile kile. Ndipo tunapokimbilia kuuza zinazopanda, zinazoshuka tukazikumbatia ili tusikiri hasara. Lakini ile bei uliyonunulia, Bakari, soko haliijui. Inakaa kichwani mwako tu.

Basi nijibu hili: fedha hizo ungekuwa nazo taslimu leo, ungezinunua hisa hizo kwa bei ya leo? Soma taarifa yao ya mwaka, uanze na madeni, na unijibu kabla hujampigia yule shemeji yako wa Nairobi mwenye habari za ndani kila wiki.

Mama watoto anakusalimu. Anasema pesa zile za 2008 zingemnunulia cherehani, na bado anaitaka.

Wako,
Hamisi