Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kipindi cha Maktaba kwa Kila Rika

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mliipa kamati kazi moja: tuachane na andalio moja la kipindi cha maktaba linalotumika kuanzia darasa la awali hadi kidato cha kwanza, tuandae la kila rika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na ziara za shuleni zimo katika taarifa ya katibu mliyogawiwa mlangoni. Mimi nitasimama kwenye kazi hiyo tu, maana ndiyo iliyotuchosha na ndiyo iliyotufundisha.

Andalio la zamani lilianza na kanuni: nawa mikono, usikunje ukurasa, usipige kelele, rudisha kwa tarehe. Zikafuata sehemu za kitabu: jalada, ukurasa wa jina, yaliyomo, faharasa. Mtoto aliyasikia hayo darasa la kwanza, akayasikia tena darasa la tano, na alipofika kidato cha kwanza akawa anayakariri kabla mwalimu hajafungua mdomo. Lakini mwambie akutafutie kitabu cha ufugaji wa kuku, anabaki kasimama katikati ya chumba.

Kwa darasa la awali, la kwanza na la pili tumeondoa kanuni zote isipokuwa mikono safi. Kipindi chao ni cha dakika 30, na sehemu kubwa ya muda huo sasa mwalimu anawasomea kwa sauti, wao wamekaa mkekani. Anayeanza kwa "Hadithi, hadithi!" akaitikiwa "Hadithi njoo!" anakuwa amewapata hata kabla hajafungua jalada. Wajumbe wawili walipinga, wakasema hii ni miaka ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, mtoto asome mwenyewe. Hoja yao ina uzito. Ila silabi za Kiswahili ni nyepesi. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu na wenzake, atatamka karibu neno lolote utakalomwandikia, nasi watu wazima tunadhani ameelewa. Nilimsikiliza mtoto wa darasa la pili akisoma aya nzima bila kukwama. Nilipomuuliza ni nani aliyepotea katika hadithi ile, akaanza kuisoma upya kutoka juu. Kutamka amefundishwa darasani, na kafundishwa vizuri. Kilichobaki kwetu ni kumfanya atake kujua kama aliyepotea alipatikana.

Darasa la tatu hadi la tano ndiko tulikokaa muda mrefu zaidi. Tulidhani kufundisha kamusi ni kufundisha mfuatano wa alfabeti basi. Walimu waliojaribu wakaturudishia daftari za watoto: neno "walipika" limetafutwa kwenye W, "meno" kwenye M, "vyakula" kwenye V, na kila mmoja kaandika kwamba halimo. Watoto hawakukosea alfabeti hata kidogo. Kamusi ya Kiswahili inamtaka msomaji ajue kwanza kwamba walipika imo ndani ya pika, meno ni ya jino, vyakula ni ya chakula. Kwa hiyo zoezi la kwanza sasa halina kamusi kabisa. Mwalimu anaandika "alitupikia" ubaoni, watoto wanalimenya neno kama wanavyomenya muwa, mpaka wafike kwenye pika. Wakishazoea hilo ndipo kamusi inafunguliwa, na hapo inafunguka kweli.

Namba za rafu nazo zilikuwa na fumbo la namna hiyo. Mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba kufuata mada, uliotolewa mwaka 1876, unatumia desimali. Vitabu vya mbuzi viko 636.39, vya kuku viko 636.5. Mtoto wa darasa la tatu anaona 39 ni kubwa kuliko 5, anampeleka mbuzi nyuma ya kuku. Kwa hesabu anayoijua yuko sahihi, na mimi binafsi najuta kwa watoto niliowakemea kwa kosa hilo huko nyuma. Tumeamua madarasa ambayo hayajafundishwa desimali yatumie utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu na picha juu ya rafu. Mwalimu wa hisabati akifika kwenye desimali, wiki hiyohiyo darasa lije maktaba kupanga vitabu.

Kuhusu darasa la nne nasema kwa uchungu. Upimaji wa kitaifa ukikaribia, kipindi cha kwanza kunyang'anywa ni cha maktaba, tena katika umri uleule ambao mtoto anaanza kuhama kutoka hadithi za kusomewa kwenda vitabu anavyovichagua mwenyewe. Nawaomba mlio karibu na walimu wakuu mlisemee hili, kwa heshima lakini bila kuchoka.

Kidato cha kwanza ni mlango mwingine. Mwanafunzi aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili anakuta masomo karibu yote ni Kiingereza. Mkutubi akienda na umri peke yake, atamkabidhi kijana wa miaka 14 kitabu cha rika lake, na kitarudi bila kusomwa. Akimpa chepesi chenye picha mbele ya wenzake, kijana huyo haji tena. Kuna njia mbili zilizofanya kazi kwa wanachama wetu. Ya kwanza ni kuweka kitabu cha sayansi cha shule ya msingi, cha Kiswahili, bega kwa bega na kile cha biolojia cha Kiingereza, ili anayesoma usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, aufahamu kwanza kwa lugha aliyonayo. Ya pili ni kumpa kijana sababu ya heshima ya kushika kitabu chepesi cha Kiingereza: anajiandaa kwenda kuwasomea watoto wa shule ya msingi ya jirani. Anakirudia mara nne, tano, ulimi uzoee, wala hakuna wa kumcheka.

Wanachama ambao shule zao hazina chumba cha maktaba wasijione wameachwa. Karibu yote niliyoyataja yanafanyika kwa sanduku la vitabu na mkeka chini ya mti, isipokuwa zoezi la namba za rafu.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili: maandalio mapya yatumike kuanzia muhula wa kwanza, na semina ya mwaka ujao ihusu kusoma kwa sauti, maana wengi wetu hatukuwahi kufundishwa. Andalio la darasa la sita na la saba bado halijakamilika. Tunahitaji walimu wanaofundisha madarasa hayo sasa hivi. Anayeweza aandike jina kwa katibu kabla ya mapumziko ya chai.