Upepo wa matairi ya pikapu uendane na mzigo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo sisi tunaosafirisha mazao kwa pikapu kutoka Njombe hadi Dar es Salaam tunalifanya kwa mazoea tu, nalo ni kujaza upepo wa matairi.

Hivi karibuni, nikiwa nimepakia viazi vya karibu tani moja, nilisimama kwenye kituo kimoja cha mafuta kabla ya kuteremka Kitonga nikaomba niongezewe upepo. Kijana aliyekuwa zamu aliinama, akasoma namba iliyo ubavuni mwa tairi, akaanza kuyajaza yote manne hadi paundi 80 (psi, kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), ilhali yalikuwa bado ya moto. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba ndivyo kiwanda kilivyoandika. Simlaumu sana, kwa kuwa mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka.

Namba ile ni kikomo. Maana yake ni kwamba tairi likiwa baridi na lina upepo huo, ndipo linapoweza kubeba mzigo wake wa juu kabisa. Matairi yangu ni ya kipimo cha LT265/75R16, daraja E la uwezo wa kubeba mzigo, ambalo wengi tunaliita plai 10. Kwa paundi 80, tairi moja la aina hii hubeba kilo 1,550. Kwa paundi 65 hubeba kilo 1,360. Na kwa paundi 50 hubeba kilo 1,120. Nilipopata nafasi ya kupima gari langu kwenye mizani ya mnunuzi wa mazao, ekseli ya nyuma ilionyesha kilo 1,900 ikiwa na shehena, yaani kilo 950 kwa kila tairi, na baada ya kushusha haikufika hata kilo 1,000 kwa matairi yote mawili. Kwa mzigo huo paundi 50 nyuma zinanitosha na kubakiza akiba, na sina sababu ya kukimbilia 80. Pikapu tupu yenye paundi 80 nyuma hurukaruka kwenye matuta, tairi hugusa lami kwa sehemu ya katikati tu na kuota kipara hapo, na siku ya mvua breki ikikamatwa ghafla mkia wa gari ndio unaotangulia kuteleza.

Hata hivyo, upungufu wa upepo ndio unaonitia hofu zaidi. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mzito hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto ambalo, baada ya saa kadhaa za mwendo wa kasi, hulegeza gundi inayoshika tabaka zake hadi zinaachana. Dereva husikia mlio, gari linahama njia, kisha tunasimulia kwamba tairi lilikuwa bovu. Mwaka 2000 kule Marekani, kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer, na moja ya hoja zilizobishaniwa ni kama paundi 26 zilizopendekezwa na mtengenezaji wa gari zilitosha, au zilipaswa kuwa 30. Ubishi huo wote ulihusu tofauti ya paundi nne, na sisi huku tunapishana kwa 20 bila kushtuka.

Mahali pa kuanzia ni kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambacho hutaja upepo wa mbele na wa nyuma, na katika baadhi ya magari hutenganisha gari tupu na gari lenye mzigo. Tatizo ni kwamba kibati kile kinahusu matairi ya kipimo kilichotoka na gari, na wengi wetu tumekwisha kuyabadili. Aliyebadili kipimo au daraja la tairi amwombe muuzaji jedwali la mzigo la tairi hilo, alilinganishe na uzito halisi wa kila ekseli, na asizidi kamwe uzito ambao mtengenezaji wa gari ameuruhusu, hata kama tairi lenyewe lina uwezo wa zaidi.

Kipimo sahihi huchukuliwa tairi likiwa baridi, yaani gari likiwa limelala au limesimama kwa saa tatu hivi. Safarini upepo hupanda kwa paundi kadhaa kwa sababu ya joto, na kuupunguza wakati huo ni kosa, kwani tairi likipoa litakuwa chini ya kiwango. Kuna jambo lililonishangaza nilipoanza kuandika vipimo vyangu daftarini: asubuhi ya Julai naondoka Njombe kwenye nyuzi 8 za joto, kesho yake alfajiri Dar es Salaam iko kwenye 22 au zaidi, lakini geji haionyeshi ongezeko nililotarajia. Joto hupandisha upepo, ila kushuka kutoka karibu mita 2,000 hadi usawa wa bahari hupunguza usomaji wa geji kwa paundi 3 hivi, kwa sababu hewa ya nje ya pwani ni nzito zaidi. Ndiyo maana napima tena kila nilalapo, na kabla ya kurudi gari likiwa tupu napunguza matairi ya nyuma.

Ombi langu kwa wenye vituo vya mafuta ni kwamba geji zao zihakikiwe mara kwa mara, na wahudumu wafundishwe kuuliza maswali mawili kabla ya kushika mpira: gari limebeba nini, na kibati kinasemaje. Madereva wenzangu nao wanunue geji yao ya mkononi, na wasilisahau tairi la akiba lililoning'inia chini ya bodi, ambalo mara nyingi hukumbukwa usiku, porini Mikumi, likiwa halina upepo wowote.

Dereva wa pikapu,
Njombe