Kamau amekwamia wapi?

Maseno,
Jumapili jioni.

Wanjiru wangu,

Hamjambo huko Nakuru? Sisi tu wazima, ila mvua imekuja kwa fujo na njia ya kwangu imegeuka tope tupu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya matatu nikitoka Luanda ya hapa jirani, na mama wa ndizi aliyekaa kando yangu akausikiliza pia, maana simu yangu siku hizi hainong'oni. Aliposhuka akaniambia, "Mwambie huyo mwenzako mtoto asiache hesabu." Basi ujumbe wake umeupata. Wangu ni mrefu, ndiyo sababu naandika.

Nianze na mwanao Kamau na hesabu zake. Unasema Kidato cha Pili alikuwa akipata sitini na kitu, sasa yuko cha Tatu ameporomoka hadi thelathini na tano, na Baba Kamau anasema ni simu na marafiki. Huenda. Ila mwaka wa tatu huwaangusha hata wasio na simu. Kidato cha Kwanza sehemu kubwa ni mambo ya shule ya msingi yaliyovalishwa sare mpya: sehemu, desimali, uwiano, pembe. Cha Pili mtoto anakutana na vipeo, logi, mteremko wa mstari, Pythagoras, trigonometria. Hapo mwenye kumbukumbu nzuri bado anaponea, anakariri njia na anapata alama zake. Cha Tatu kinakuja na matriksi, logi za juu zaidi, mifuatano, vekta, uwezekano, na karibu kila mada inamdai ya nyuma. Aliyekariri anaanza kuonekana.

Nikupe kisa, nacho kinaniaibisha kidogo. Nina msichana wa Kidato cha Nne. Nilimpa y = 3/x² aitafutie difrensiesheni, yaani kasi inavyobadilika, akaandika 3/2x. Yaani ile x² ya chini ameigeuza 2x, ile 3 ya juu ameiacha ilivyo. Nikamweleza upya. Kesho yake, 3/2x. Jumanne jioni wakati wa prepu nikaeleza mara ya tatu, na nakiri nilimwambia hajitumi. Alinyamaza akitazama meza. Ndipo nikamwuliza jambo jingine kabisa: 2 kwa kipeo cha hasi moja ni ngapi? Akajibu bila kusita, "Hasi mbili, mwalimu."

Wanjiru, difrensiesheni haikuwa na kosa lolote. Kanuni aliijua. Asichojua ni kwamba 3/x² ni 3x⁻², kwamba kipeo hasi ni kukipeleka kitu chini ya mstari, ndiyo maana 2⁻¹ ni nusu. Hilo ni somo la Kidato cha Pili, na wakati linafundishwa alikuwa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya karo. Aliporudi tulikuwa tumeshafika kwenye mteremko. Hakuna aliyerudi nyuma kumchukua, nikiwemo mimi, kwa sababu silabasi lazima iishe. Ni kama kuruka palizi ya kwanza: mahindi yanasimama, unadhani umeponea, kumbe sangari inakungoja.

Tulirudia vipeo kwa kitabu cha Kidato cha Pili, dakika ishirini kila jioni, wiki mbili. Sasa anaandika −6x⁻³ na ananicheka nikichelewa kusahihisha.

Kwa hiyo usimlipie Kamau tuisheni ya likizo ya mada za Kidato cha Tatu. (Hiyo tuisheni ni marufuku, na sote tunajua inafanyikia wapi.) Mkalishe mezani Jumamosi moja, mpe maswali ya vidato viwili vya kwanza: nambari hasi, sehemu, kufungua mabano, kuhamisha herufi upande wa pili wa mlinganyo. Usimsahihishie. Angalia tu kalamu inasimama wapi. Akisema "hii ni ya watoto" kisha akakosea, usicheke. Umeshapata mahali pa kuanzia.

Na tusidharau ya chini hata kwa sababu ya mtihani wenyewe, KCSE ya kumaliza sekondari. Karatasi ni mbili, kila moja saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, ya pili ina maswali 8, anachagua 5 ya alama kumi kumi. Watoto wanaogopa yale marefu, lakini nusu ya alama iko kwenye yale mafupi, na mengi yake ni uwiano, logi, mabano. Tena tangu 2023 hesabu haikwepeki kwenye gredi ya wastani: inaingia hesabu, inaingia lugha moja, kisha masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi.

Hilo wazo la Baba Kamau la kumrudisha darasa, mwambie polepole, maana najua hapendi kurekebishwa: atamrudisha wapi? Nyuma ya Kamau hakuna Kidato cha Pili. Wao ndio wa mwisho wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, wanafanya KCSE 2027 na mlango unafungwa. Shuleni kwetu mwaka huu kuna Kidato cha Tatu, cha Nne na Gredi ya 10 ya mfumo mpya, basi.

Sasa Njeri wako wa Gredi ya 10. Usiumize kichwa kwa sababu amewekwa kwenye hesabu ya Essential, ile nyepesi, na si Core. Core ni ya walio mkondo wa sayansi na teknolojia, Essential ni ya mikondo mingine miwili. Kumbuka mpango wa awali hao wengine wangeweza kuiacha hesabu kabisa. Ni kelele za wazazi na walimu zilizofanya wizara iirudishe kuwa ya lazima mwaka 2025, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Ninalotaka umwulize ni moja: hiyo Sayansi za Jamii aliichagua, au aliikimbia hesabu? Kama ni uanahabari unaompeleka, mwache aende na moyo mweupe. Kama ni hofu, ongea na walimu wake mapema, kwa sababu akija kubadilisha nia Gredi ya 11 atawakuta wenzake wako mbali.

Nimalizie kwa zawadi ya Kamau. Unakumbuka kile kibao cha ikweta hapa Maseno, ulipopiga picha mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini? Kila mwaka nawapeleka Kidato cha Nne pale tukianza latitudo na longitudo. Maseno iko nyuzi 34.6 Mashariki, Nakuru 36.1. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24. Aniambie jua linawaamsha nyinyi dakika ngapi kabla yangu. Mada ni ya juu, lakini kazi yenyewe ni kugawanya, kutoa na kuzidisha desimali.

Usimsaidie. Nipigie picha karatasi yake jinsi ilivyo, na kufutwafutwa kwake kote. Jibu ninalo, nataka kuona mstari aliokwamia.

Wako,
Achieng