Mbona kuhe hawarudi? Barua kwa Juma

Kigoma, Septemba 2025

Ndugu yangu Juma,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, mama mguu wake unaendelea kupona na anakusalimia sana. Lile swali lako la kwenye simu nililijibu nusunusu kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika, nami sikutaka liishie hapo, ndiyo maana nimeshika kalamu. Uliuliza: Ziwa Tanganyika likipumzishwa uvuvi miezi mitatu, kama 2024 lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, dagaa tunawaona tena, mbona kuhe, wale samaki wakubwa, hawarudi kama tulivyowajua utotoni?

Jibu langu ni kwamba tunahesabu miezi na nyavu, lakini hatuulizi kila samaki anazalia wapi. Mahali pa kuzalia ndipo panapoamua atazaa mayai mangapi, atayalinda au atayaacha, na akipungua atachukua muda gani kurudi.

Anza na dagaa. Yeye huzalia majini tu, hahitaji jiwe wala mchanga. Ziwa letu penye kina kirefu kabisa lina mita 1,470, lakini oksijeni iko sehemu ya juu tu, kama mita 100 hivi upande huu wa kaskazini. Chini ya hapo samaki haishi. Yai la dagaa likitoka linazama polepole, na linatakiwa lianguliwe ndani ya siku moja au moja na nusu, kabla halijafika kule kusiko na hewa. Katika maji ya namna hiyo mzazi hana cha kulinda wala pa kulindia. Basi anachofanya ni kuzaa mayai mengi, kuzaa tena, na kukua upesi, maana umri wake wenyewe ni kama mwaka mmoja. Samaki wa hivyo ukimwachia miezi mitatu ameipata nafasi yake.

Kuhe ni kinyume chake kabisa. Ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa ukoo wa perege duniani, anafika hata sentimita 80, na anazaa kwenye sakafu ya ziwa, mahali peupe panapoonekana na kila mwenye njaa. Mayai yake ni maelfu, lakini hayaachi. Dume na jike wanasimama pamoja kulinda mayai, kisha vifaranga, na muda wote huo hawali. Watafiti waliowafuatilia wanaona kwamba huzaa mara moja tu maishani, halafu nguvu zimekwisha. Sasa fikiria mvuvi anamtoa mmoja wa wale wawili wakiwa juu ya kiota. Ameondoka na uzazi wote wa samaki yule, wa maisha yake yote. Aliyebaki hawezi kuwazuia maadui wa pande zote peke yake.

Lakini anayenishangaza kuliko wote ni mdogo, wala huwezi kumkuta sokoni. Wataalamu wanamwita Lamprologus callipterus. Kwenye mchanga ambako hakuna mapango ya mawe, yeye anazalia ndani ya magamba matupu ya konokono. Dume anayabeba kwa mdomo, moja moja, mpaka apate rundo lake. Mengine anayaiba kwa jirani. Jike anaingia ndani ya gamba, anataga, anakaa humo wiki moja na ushee hadi mbili akipepea mayai, na dume analinda nje. Sasa angalia jinsi gamba lilivyowaumba. Dume lazima awe mkubwa ili aweze kulinyanyua. Jike lazima awe mdogo ili aweze kuingia. Matokeo yake dume anamzidi jike uzito mara 12 hivi, na hakuna mnyama mwingine anayejulikana ambaye dume amemzidi jike kiasi hicho. Penye magamba madogo, majike nao ni wadogo zaidi. Tena wako madume vibete, wadogo hata kuliko jike, ambao wanapenya ndani ya gamba kumpita jike na kurutubisha mayai wakiwa mle mle, huku mwenye rundo yuko nje hana habari. Umbo la gamba moja tupu limezalisha namna mbili za kuwa dume! Kila nikilifikiria hili nasema subhanallah.

Kwenye mawe nako wapo wanaoitwa Tropheus, wale wenye rangi wanaokula mwani juu ya majabali. Mawe yamejaa wezi wa mayai, kwa hiyo jike anayaweka mdomoni. Mdomo hauna nafasi kubwa, basi mayai ni machache, pengine chini ya kumi, lakini kila moja ni kubwa kupita kiasi kwa samaki wa kimo kile, yapata milimita 7. Anawabeba kama mwezi mzima na hata kuwalisha humo humo. Wala usidhani mdomo ni salama moja kwa moja: kuna gogogo mwenye madoa, samaki wa jamaa ya kambare, anayedondosha mayai yake katikati ya utagaji wa samaki wanaoatamia mdomoni, mama anayaokota yote bila kubagua, na vifaranga wa gogogo wanaanguliwa mapema na kuwala wenye nyumba.

Kwa hiyo, Juma, kufunga ziwa ni jambo jema na ninaliunga mkono kwa moyo wote, ila linamfaa zaidi yule anayezalia maji ya wazi. Wa mchanga na mawe wanahitaji sakafu yenyewe ibaki. Kokoro, yaani wavu wa kukokota, likiburutwa pwani linakomba viota na kuvuruga magamba yaliyolundikana kwa karne nyingi. Na mvua ikinyesha milimani palipofyekwa, udongo unashuka na mito, unaziba nyufa za mawe na kufunika mwani na magamba. Mtafiti Andrew Cohen na wenzake walichapisha 1993 ulinganisho wa maeneo ya ufukwe wa ziwa hili, na penye udongo mwingi walikuta aina chache za samaki. Dume mwenye nguvu zake zote hawezi kubeba gamba lililozikwa.

Ndiyo maana nakuomba kuhusu lile shamba lenu la mteremkoni unalotaka kulikodisha. Mwambie mpangaji asilime hadi ukingoni mwa kijito. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka ziachwe mita 60. Na ile miti ya mibuyu na miombo iliyobaki pale chini ibaki ilivyo. Mkiandikiana, liandikeni hilo kwenye mkataba, msiliache kwa mdomo. Kama atapunguza bei kwa sababu hiyo, niambie, tutalizungumza mimi nawe.

Wasalimie shemeji na watoto. Nijulishe ukishaonana na mpangaji.

Ndugu yako,
Rashidi