Risala ya walimu walezi wa klabu za mambo ya kimataifa za sekondari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Umoja wa Mataifa, Lindi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa elimu mlioambatana na mgeni wetu,
Wakuu wa shule, walimu wenzetu, wazazi na wanafunzi,
Mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukakutana tena tarehe 24 Oktoba, siku ambayo Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulianza kufanya kazi mwaka 1945. Pili tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu na kufika mwenyewe. Neno "mwenyewe" tumeliweka makusudi, kwa kuwa mwaka jana tulimpokea mwakilishi wa mwakilishi, tukampa heshima zote na korosho zilizobanguliwa alizoondoka nazo.

Historia yetu ni fupi na tutaipitia haraka. Tulianza walimu wanne wa historia na jiografia, hatuna hata katiba. Leo tuko walezi 11, tunahudumia shule saba zenye kidato cha tano na cha sita. Katiba tunayo, mhuri tunao, na akaunti ya benki tunayo pia, ingawa hiyo ya mwisho haina mengi ya kusimulia.

Mafanikio ni makubwa. Tumeshonesha bendera 17: 15 za wajumbe wa Baraza la Usalama kama lilivyokuwa mwaka 2024, pamoja na za Tanzania na Ujerumani. Ya Msumbiji ilimshinda fundi kwa ile bunduki iliyolala juu ya kitabu na jembe, ikabidi ichorwe kwa kalamu ya rangi. Tumefungua uhusiano wa kidiplomasia na ubalozi mmoja jijini Dar es Salaam, uliotujibu barua kwa kututumia kalenda. Na mwanafunzi wetu wa kidato cha sita anatofautisha Baraza Kuu na Baraza la Usalama bila kupapasa, jambo ambalo, kwa heshima zote, si kila mtu mzima ukumbini humu analiweza.

Ndugu Mgeni Rasmi, ili ombi letu lieleweke, turuhusu tukueleze kazi inavyokwenda. Tunaifuata shule ilipo kwa wiki sita. Wiki ya kwanza hatuanzii New York. Tunaanzia Nachingwea, walikofundishwa wapiganaji wa FRELIMO kabla Msumbiji haijajitawala tarehe 25 Juni 1975, tunavuka Ruvuma, tunafika Cabo Delgado, ambako mapigano yalianza Oktoba 2017 na SADC ikapeleka askari mwaka 2021. Ndiyo sababu tunatumia Baraza la mwaka 2024: Msumbiji ilikuwa na kiti. Nchi ambazo wanafunzi wataziwakilisha kwenye kikao cha mfano zinagawiwa kwa kura ya vikaratasi, vinginevyo wote wanagombea Marekani na China. Anayeangukiwa na Slovenia hununa, kisha huleta maelezo mazuri kabisa ya Slovakia. Tumezoea, kila kikaratasi sasa kina jina la mji mkuu.

Kura ya turufu, yaani veto, hatuifundishi kwa tafsiri ya kamusi. Tunawapa uchaguzi wa Katibu Mkuu wa mwaka 1981: Mtanzania Salim Ahmed Salim anazuiwa na Marekani, Kurt Waldheim wa Austria anazuiwa na China, raundi baada ya raundi, mpaka wote wawili wanakaa pembeni na kiti kinakwenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Hapo darasa zima linasimama.

Kila shule hupata vikao viwili kwa mwaka, kimoja cha Baraza la Usalama na kingine cha UNESCO. Mada ya UNESCO ni ya hapahapa kwetu: mifupa ya dinosaria ya Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba zaidi ya tani 200, watu wetu wakazibeba vichwani hadi bandari ya Lindi, na mjusi mkubwa kuliko wote amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Rasimu ya kwanza ya wanafunzi siku zote huandika "inaiamuru Ujerumani irudishe mara moja". Kamati ya UNESCO ya urejeshaji wa mali za kitamaduni haina uwezo wa kumwamuru mtu. Inasuluhisha na kupendekeza. Na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 kuhusu mali za kitamaduni haurudi nyuma kukamata kilichoondoka kabla yake. Kwa hiyo wanajikuta wanatafuta maneno mengine: utafiti wa pamoja, nakala za mifupa, mafunzo kwa vijana wa Lindi, makumbusho. Kutafuta maneno hayo ndiyo elimu yenyewe.

Sasa tunafika kwenye shida yetu, nayo ni moja. Ni karatasi zilizochapwa.

Kikao cha mfano kinaendeshwa kwa karatasi. Rasimu ya azimio mwanafunzi haji nayo kutoka bwenini. Inazaliwa kati ya saa nne na saa sita asubuhi, kambi mbili zikiwa chini ya mwembe zinabishania kitenzi. "Inalaani" au "inasikitishwa na"? "Inaamua" au "inapendekeza"? Tofauti hiyo si ya lugha tu. Baraza la Usalama likiamua, nchi wanachama zinabanwa na Kifungu cha 25 cha Mkataba. Baraza Kuu kwa sehemu kubwa linapendekeza. Rasimu ikishapata wadhamini, kila ujumbe lazima uishike mkononi ndipo mjadala uanze. Mjumbe hawezi kuomba marekebisho ya mstari asiouona. Na tunaandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa sababu hoja zinakomaa kwa Kiswahili na mtihani unakuja kwa Kiingereza.

Asubuhi hii umejionea, Mgeni Rasmi. Rasimu iliandikwa ubaoni. Aya ya tatu ikafutwa na bega la mjumbe wa Ecuador akirudi kitini, na kwa dakika kumi ukumbi ukabishania neno ambalo halipo tena. Kura zikawa nane za ndiyo, hakuna ya hapana, saba hazikuegemea upande. Mwenyekiti akagonga meza, akatangaza azimio limepita, nawe ukapiga makofi pamoja nasi. Halikupita. Baraza la Usalama linataka kura tisa za ndiyo kati ya 15, na asiyeegemea upande hahesabiwi kuwa amekubali. Kanuni hiyo iko ukurasa wa pili wa mwongozo, na mwongozo ukumbini ulikuwa mmoja, mkononi mwa mlezi.

Hesabu ni hii. Ujumbe 15 wa watu wawili wawili ni wanafunzi 30, meza kuu watatu, walezi wawili: nakala 35. Utangulizi wa mada kurasa nne, mwongozo kurasa tatu, rasimu mbili za kurasa mbili kwa lugha mbili ni kurasa nane, marekebisho ukurasa mmoja. Jumla kurasa 16 kwa kila mtu, yaani 560 kwa kikao. Stationeri zinatoza shilingi 100 kwa ukurasa, kwa hiyo kikao ni shilingi 56,000, na vikao 14 vya mwaka ni shilingi 784,000, zinazotoka mifukoni mwa walezi. Hata zikipatikana, stationeri iko mjini. Boda anakwenda na flashi, anakuta foleni, umeme unakatika, anarudi saa nane na nakala 20, wajumbe wako kwenye wali.

Tunajua wapo watakaosema: printa si mlipewa? Tulipewa, na tulishukuru, na picha ya makabidhiano tunayo. Ilikuwa ndogo ya wino, katriji yake inachapa kurasa kama 200, na katriji mpya inakaribia bei ya printa. Likizo ya Desemba wino ukakaukia kwenye matundu, na tangu hapo inatoa mistari myeupe. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisikia habari hiyo hapahapa, akaahidi ya leza "kabla korosho hazijaanza kudondoka". Zimedondoka misimu miwili. Profoma tumeombwa mara tatu na tumeipeleka mara tatu. Methali ya ahadi na deni hatutaitaja, maana yeye mwenyewe alitutajia.

Kwa hiyo tunaomba kwa majina kamili, isije ikaletwa nyingine ya kupigia picha. Printa moja ya leza, nyeusi na nyeupe, isiyopungua kurasa 30 kwa dakika, ili kurasa 560 zitoke ndani ya mapumziko ya chai. Tona yake, yaani wino wake wa unga, iwe inayopatikana Lindi au Mtwara. Kabla ya kununua, mtu apige simu dukani aulize. Jenereta dogo la kVA 2.5, kwa sababu leza huvuta umeme mwingi kwa ghafla inapopasha moto sehemu ya kuyeyushia tona kwenye karatasi, na yupiesi ndogo, yaani betri ya akiba, huzima papo hapo. Karatasi boksi nne, yaani rimu 20. Matumizi yetu ya mwaka ni rimu 16, zinazobaki ni za zitakazokwama. Zitakwama, kwa kuwa hewa ya bahari inalainisha karatasi, ikifika penye joto inajikunja. Dawa yake tunaijua: rimu iliyofunguliwa inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, na inapepewa kwa mkono kabla ya kuwekwa. Ndoo tunazo. Hizo hatuombi.

Ombi dogo la pili ni barua moja kwa wakuu wa shule ya kuwaruhusu wanafunzi saa mbili za Jumamosi, maana kila muhula tunaanza upya kujieleza getini.

Ndugu Mgeni Rasmi, profoma ya nne imeambatishwa nyuma ya risala hii, na ina sehemu ya jina, tarehe na saini. Mtunza hazina wetu amekaa mstari wa mbele, amevaa shati la bluu, na kalamu anayo.

Tunakukaribisha sana Lindi, na tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya walimu walezi